Kuonja mvinyo bila kuona chupa: nitawezaje kufanya kila mtu mezani aseme lake?

Mwenyeji wa Zamu

Wakuu habari zenu. Zamu ya kualika marafiki imenifikia. Tutakuwa wanane kwa chakula cha jioni, chupa sita za mvinyo mwekundu, zote zimefichwa, kila mtu akisie ni zabibu gani, na majina yafunuliwe mwisho.

Kinachonisumbua si mvinyo, ni watu. Mara iliyopita, kwa rafiki mwingine, mmoja wetu ambaye amesomea mambo haya alinusa gilasi akasema "cheri nyeusi, ngozi, pipa jipya la mwaloni", na kuanzia hapo meza nzima ikawa inanusa cheri nyeusi. Sasa kuna dada mmoja kwenye kundi ana pua kali kutuzidi sote, yuko mlangoni tu anakwambia kiungo gani kiko kwenye sufuria. Siku hiyo alikaa kimya mpaka mwisho. Nilipomuuliza baadaye akasema yeye alisikia harufu ya pilipili manga tangu gilasi ya kwanza, ila kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaja, akaona aache. Chupa ilikuwa Syrah, zabibu nyekundu ambayo mvinyo wake mara nyingi hunukia hivyo hivyo. Iliniuma sana, maana alikuwa sahihi kuliko wote.

Nipangeje safari hii?

Kalamu Kwanza

Mkuu, tuanze na huyo dada, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Harufu ya pilipili manga kwenye Syrah inatokana na kitu kinaitwa rotundoni, kile kile kinachoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Watafiti wa Australia walitangaza hilo mwaka 2008, na katika watu waliowapima, karibu mmoja kati ya watano hakuweza kukinusa hata kilipokuwa kingi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mjuzi wenu hana pua ya kitu hicho, na hakuna masomo yatakayompa. Hakudanganya, alisema alichokipata. Na dada naye alikuwa na kitu ambacho meza nzima ilikihitaji. Mwambie haya kabla ya siku yenyewe, tafadhali. Mtu akijua kwamba pua hazifanani kimaumbile, anapata nguvu ya kusema.

Sheria ninayoishikilia kuliko zote ni hii: kalamu kwanza, mdomo baadaye. Kila mtu apewe karatasi yenye namba tu. Mimina, waonje, waandike, na asiseme mtu neno mpaka kalamu zote zimelala mezani. Kuguna nako ni kusema! Mtu akivuta pumzi na kutikisa kichwa, jirani yake ameshabadilisha anachoandika. Kisha zikisomwa, aanze yule asiyependa kuongea, mjuzi amalizie. Utashangaa jinsi mjuzi mwenyewe anavyofurahia kusikia mambo ambayo hakuyafikiria.

Karatasi zikusanye kabla ya kufunua chupa. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier aliwaita majaji wa Kifaransa jijini Paris waonje mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuona majina. Upande wa mweupe ukashinda Chardonnay ya Chateau Montelena ya 1973, upande wa mwekundu Cabernet Sauvignon ya Stag's Leap Wine Cellars ya 1973, zote za California. Majina yangekuwa wazi mezani siku ile, mimi siamini matokeo yangekuwa hayo. Alama zilikwishaandikwa, basi.

Na vipimo: chupa ya mililita 750 kwa watu wanane, mimina kama 40 kila mmoja raundi ya kwanza. Inakwenda 320, inabaki zaidi ya nusu chupa kwa ajili ya chakula. Lakini 40 mara sita ni 240, yaani karibu theluthi ya chupa kwa kila kichwa kabla hata sahani hazijafika. Weka chombo cha kutemea na uwe wa kwanza kukitumia, wengine watafuata bila aibu.

Jagi Moja

Naunga mkono hapo juu. Naongezea upande wa kuficha, maana wengi wanavalisha chupa mfuko wakidhani wamemaliza. Bordeaux na Burgundy ni mikoa ya mvinyo ya Ufaransa: chupa ya mtindo wa Bordeaux ina mabega yaliyosimama, ya Burgundy mabega yanateremka. Mtu mwenye uzoefu anaijua hata ndani ya mfuko. Kizibo nacho mara nyingi kimepigwa chapa ya jina, na karatasi ya shingoni ina rangi yake. Mimina kila chupa kwenye jagi, majagi yote ya aina moja, chupa tupu na vizibo viende chumba kingine.

Kama nawe unataka kuonja bila kujua, wawili wafanye kazi: wa kwanza anamimina na kuandika herufi chini ya jagi, wa pili anayapanga upya na kuweka namba mbele. Hakuna kati yao anayejua yote.

Rangi pia inasema mengi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Bordeaux ambapo wanafunzi 54 walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kwenu zote ni nyekundu, hivyo hatari ni ndogo, ila mkiwa na mvinyo wa zabibu ya Nebbiolo mezani wapo watakaouona umepauka wakaandika Pinot Noir, zabibu nyingine yenye mvinyo wa rangi hafifu, kabla ya kuonja. Ukakasi wake unaobana ufizi ndio utakaowaambia ukweli, wasubiri wafike hapo.

Manukato na mishumaa yenye harufu, hapana.

Sahani na Gilasi

Mimi natofautiana kidogo na ulivyopanga kwenye mawazo yako, Mwenyeji. Usiwaulize "ni zabibu gani?". Swali hilo linageuza chakula kuwa mtihani, na aliyesoma atashinda kila mwaka. Uliza: gilasi ipi ungependa ijazwe tena, na kwa nini? Hapo wote wako sawa.

Halafu usifunue majina baada ya raundi ya kwanza. Kuleni kwanza, na majagi yale yale yenye namba zile zile yabaki mezani. Chumvi inaulainisha mvinyo, sukari inaufanya uchachuke mdomoni, na pilipili kali inaongeza moto wa kilevi. Gilasi iliyoshika mkia wakati wa kuonja mara nyingi ndiyo inayopendwa pamoja na chakula. Waandike safu ya pili ya alama, ndipo mfunue. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wa jioni ulipo, kuona safu mbili za mtu mmoja zikipingana na zote mbili ni kweli.

Mwenyeji wa Zamu

Asanteni sana wakuu. Nimeshampigia dada yule nikamweleza habari ya rotundoni, alinyamaza kidogo halafu akauliza tunakutana saa ngapi. Nachukua kalamu, majagi, na safu mbili. Swali la zabibu nimelifuta.

Moja la mwisho: ikitokea chupa imeharibika na mgeni aliyeileta yuko mezani, nafanyaje?

Kalamu Kwanza

Anayemimina anuse kila chupa anapoifungua, kabla ya namba kuwekwa. Ikinuka kama boksi la karatasi lililolowa, ni tatizo la kizibo, linaitwa TCA, na kuiacha wazi ipigwe na hewa hakuiponyi. Weka chupa moja ya akiba, abadilishe kimya kimya. Wakati wa kufunua mwambieni aliyeileta moja kwa moja, na mwambieni sababu: kosa limo kwenye kizibo, aliyeinunua hakuwa na namna ya kulijua. Chupa yenyewe msiimwage. Izungusheni wote wainuse, maana ni harufu ambayo mtu akiionyeshwa mara moja haimpotei tena.