Kifaru ndo kilivunja mkwamo wa mahandaki? Mi nakataa

Wakuu, kila tukigusa Vita ya Kwanza ya Dunia lazima mtu aje na hoja ileile, kwamba majeshi yalikwama kwenye mahandaki kule Ufaransa, kikaja kifaru, kikapita juu ya seng'enge, mkwamo ukaisha. Mi nasema mizinga ndo ilimaliza kazi, na sio ukubwa wa mizinga, ni shabaha.

Angalieni vita ya Somme, kule Ufaransa, Julai 1, 1916. Waingereza walishapiga wiki nzima, makombora zaidi ya milioni moja na nusu, ndo wakawaambia vijana watoke. Siku hiyo moja wakafa 19,240, na ukiweka majeruhi na waliopotea inafika 57,470. Yaani moto wote ule na bado seng'enge sehemu nyingi zilikuwa zimesimama, Wajerumani wamejichimbia chini kabisa, na mizinga yao ya nyuma ikawa inawamaliza watu waliokwama pale katikati.

Sasa kuna jamaa anaitwa Lawrence Bragg, mwanafizikia, alipata Nobel 1915 akiwa na miaka 25, na mwaka huohuo mdogo wake akafa vitani Gallipoli, Uturuki. Yeye na wenzake wakatengeneza namna ya kuutafuta mzinga wa adui kwa mlio wake: unapanga maikrofoni kwenye mstari, mlio unafika kwa moja kabla ya nyingine, unapima hiyo tofauti ndogo ya muda, unapiga hesabu unajua mzinga uko wapi hata kama umefichwa nyuma ya kilima. Tatizo mwanzoni maikrofoni za kawaida zilikuwa hazishiki ule mngurumo mzito, mpaka mwenzao Tucker alipoleta ya waya wa moto. Ongeza na fyuzi mpya (kile kiwashio cha kombora), namba 106, iliyofanya kombora lilipuke likigusa tu, likate seng'enge badala ya kuzama kwenye tope. Mi hiki kitu kinanigusa sana, watu wenye kalamu na rula waliokoa maisha mengi na hatuwataji.

Najua mtaniletea Cambrai, shambulio la Waingereza kule Ufaransa, Novemba 1917. Sawa, vifaru zaidi ya 400 na mstari wa Wajerumani ukavunjika, lakini siku ya kwanza tu 179 vikatoka kazini, na tarehe 30 Wajerumani wakarudi wakachukua sehemu kubwa ya walichopoteza. Halafu pale mizinga kama 1,000 ilifyatua alfajiri bila kupiga za majaribio za kupima shabaha kwanza, adui hakujua kama kuna kitu kinakuja. Huo mshtuko mnampa kifaru peke yake?

Shambulio la Amiens, Ufaransa hukohuko, Agosti 8, 1918, ndo kabisa. Vifaru zaidi ya 500, sikatai, na vilisaidia sana askari wa miguu mbele ya bunduki za rashasha. Ila kabla ya shambulio mizinga 504 ya Wajerumani kati ya 530 ilishajulikana ilipo, ikapigwa dakika za mwanzo kabisa. Kufika tarehe 12 vifaru vilivyobaki vizima vilikuwa 6, na bado Wajerumani waliendelea kusukumwa nyuma mpaka Novemba.

Njaa ya Ujerumani na Wamarekani kuingia navyo vilichangia, hilo sibishani. Ila anayetetea kifaru anijibu hili moja: ile mizinga 504 ingekuwa haijulikani ilipo, vile vifaru vingefika wapi asubuhi ile?