Naomba msaada: nataka Linux ipige yenyewe skrinishoti za dirisha moja moja

Mwl_Kihonda
Habari za jioni wakuu. Nafundisha kompyuta sekondari, na kwa sasa naandika kwa Kiswahili mwongozo wa LibreOffice Calc (programu ya lahajedwali) kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Una picha 64. Nikibadilisha kitu kidogo tu, mfano ukubwa wa maandishi, picha zote zinapitwa na wakati na inabidi nizipige upya. Jumamosi nimekaa toka saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, na bado nikakuta nyingine zina vipimo tofauti, nyingine zimenasa saa iliyo pembeni ya skrini.

Laptopu yangu ina Linux Mint Cinnamon. Nimejaribu `gnome-screenshot -w -d 5`, inafanya kazi ila lazima niwepo nishike mausi. Nikaweka scrot, programu ya kupiga skrinishoti, kwenye cron (inayoendesha amri kwa ratiba), ikajibu "Can't open X display". Ninachotafuta ni hiki: niandike amri moja, faili lifunguke, dirisha likae kwa vipimo vilevile kila mara, lipigwe dirisha hilo tu, picha ihifadhiwe kwa jina ninalolitaka. Inawezekana? Hata kunielekeza pa kuanzia nitashukuru sana.

FundiSeva
Karibu mwalimu, inawezekana kabisa. Kabla ya yote fungua terminali uandike:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Amri hiyo inataja mfumo unaochora madirisha kwenye skrini yako. Ikijibu x11, kazi yako ni nyepesi. Ikijibu wayland, usipoteze muda na scrot wala maim (nayo ni ya kupiga skrinishoti), zitakupa picha nyeusi. Kwenye X11 programu yoyote inaweza kusoma kilichomo ndani ya dirisha la programu nyingine. Wayland imeufunga mlango huo kwa makusudi. Nimeona watu wakisahihisha skripti usiku kucha wakati skripti haina kosa lolote.

Kuhusu cron: yenyewe haijui skrini yako iko wapi. Ungeweka mistari hii juu ya crontab, faili lake la ratiba, ingekubali:

`DISPLAY=:0`
`XAUTHORITY=/home/jina_lako/.Xauthority`

Lakini cron ni ya kazi zinazofuata saa. Wewe unahitaji skripti tu.

Mwl_Kihonda
Asante sana mkuu. Laptopu imejibu x11. Ila mashine za maabara ya shule ni Ubuntu 22.04, nimejaribu leo moja, imejibu wayland.

FundiSeva
Basi anza na laptopu. Sakinisha maim ya kupiga picha, xdotool ya kutafuta madirisha na kubonyeza vitufe, na wmctrl ya kupanga madirisha. Halafu tengeneza faili moja la mfano kwa kila hatua ya somo, uyaweke yote kwenye folda ya sampuli. Skripti yenyewe:

```
#!/bin/bash
mkdir -p picha
for f in sampuli/*.ods; do
  jina=$(basename "$f" .ods)
  libreoffice -env:UserInstallation=file://$HOME/lo-picha --calc "$f" &
  ID=$(xdotool search --sync --onlyvisible --name "$jina" | tail -n 1)
  wmctrl -i -r "$ID" -b remove,maximized_vert,maximized_horz
  wmctrl -i -r "$ID" -e 0,0,0,1200,650
  wmctrl -i -a "$ID"
  sleep 3
  maim -i "$ID" "picha/$jina.png"
  wmctrl -i -c "$ID"
  sleep 3
done
```

Mstari wa libreoffice una jambo la kuzingatia. Kama LibreOffice yako imeshafunguka kwa kazi nyingine, faili jipya litaingia humohumo, pamoja na mipangilio yako binafsi. Ile UserInstallation inaipa folda yake ya mipangilio, iliyo safi. Mara ya kwanza inaweza kukutolea kidirisha cha dondoo za siku. Kizime mara moja, haitakirudisha.

Ule mstari wa kuondoa maximized usiufute. Dirisha likiwa limejaza skrini nzima, amri ya kubadilisha vipimo mara nyingi haliisikii, na hapo ndipo picha zinapotofautiana. Na usilipunguze dirisha likashuka chini kwenye upau. Likifunikwa na jingine Cinnamon bado inakupa picha nzima, ila likishushwa huambulii kitu.

Hifadhi kwa PNG. JPEG inatia ukungu kwenye herufi, na mwongozo wako ni wa kuchapishwa.

NyotaYaPwani
Nakubaliana na FundiSeva, lakini mwalimu utakwama kwenye menyu, nami nimekwama hapohapo. Menyu iliyofunguka ni dirisha jingine kabisa mbele ya X11. Ukipiga kwa namba ya dirisha la Calc, picha inatoka bila menyu. Na ukisema ubonyeze kitufe cha Print Screen menyu ikiwa wazi, haisikii, kwa sababu menyu imeshaishikilia kibodi.

Kwa picha hizo piga eneo, usipige dirisha, tena kwa kuchelewesha:

`maim -d 5 -g 1200x700+0+0 menyu-format.png`

Unapata sekunde tano za kufungua menyu.

Visanduku vya mazungumzo havina shida hiyo. Ctrl+1 kwenye Calc inafungua cha kupanga seli, basi skripti inaweza kufanya yote:

`xdotool key ctrl+1; sleep 1; maim -i $(xdotool getactivewindow) seli.png`

Na kama unataka upau wa jina la dirisha uonekane juu, maim -i haiuchukui. Tumia import ya ImageMagick: `import -frame -window "$ID" picha.png`. Kwa wanafunzi wanaoanza mimi naona uonekane, wajue wako kwenye faili gani.

Mzee_wa_Debian
Mwalimu, nimefurahi kuona mwongozo wa Kiswahili unaandikwa. Wengine tunaikumbuka Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotokana na mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usikate tamaa.

Kuhusu maabara: kwenye Ubuntu 22.04 toka nje, bonyeza jina lako, utaona alama ya gia chini, chagua Ubuntu on Xorg (Xorg ndiyo X11 yenyewe). Skripti ileile itafanya kazi. Ila usiitegemee miaka yote, maana Ubuntu 25.10 imeshaondoa Xorg kwenye GNOME yake.

Njia ninayoipenda mimi ni Xvfb. Hii ni skrini iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu, haionekani popote. Vipimo unavipanga wewe, hakuna saa, hakuna taarifa zinazochomoza, na wewe unaendelea na kazi zako (piga.sh ni jina la faili la skripti yako):

`env -u WAYLAND_DISPLAY GDK_BACKEND=x11 xvfb-run -s "-screen 0 1280x800x24" ./piga.sh`

Mwanzoni mwa skripti weka `openbox &`, kwa sababu ndani ya Xvfb hakuna anayesimamia madirisha, na wmctrl itakosa wa kumwagiza. Na usiisahau ile sehemu ya `env -u WAYLAND_DISPLAY`, la sivyo LibreOffice itafungukia skrini yako ya kweli huku skripti ikiitafuta kwingine.

Karani_Mstaafu
Niongeze moja, wanangu. Ofisini tulipokuwa tuliwahi kuchapa mwongozo wa ndani, na kwenye picha ya ukurasa wa nne jina na namba ya simu ya mteja vikasomeka wazi. Tulirudisha nakala zote kwa mkono. Skripti haichagui cha kupiga, mwalimu. Majina na alama za wanafunzi halisi visiwemo kwenye sampuli zako hata kwa majaribio. Tunga majina.

Mwl_Kihonda
Shikamoo mzee wangu, nimekusikia. Sampuli mbili zilikuwa na alama za kweli za muhula uliopita, nimezifuta na kuweka majina ya kutunga.

Mrejesho kwa wote. Mara ya kwanza skripti ilipiga terminali badala ya Calc, kwa sababu jina la faili lilikuwa limeandikwa pia juu ya terminali. Nikalibofya dirisha la Calc kwa amri ya `xprop WM_CLASS`, nikaona libreoffice-calc, nikabadilisha mstari wa kutafuta ukawa:

`xdotool search --sync --all --onlyvisible --class libreoffice-calc --name "$jina"`

Tangu hapo haijakosea. Picha 55 zimetoka jana usiku, zote vipimo sawa, mimi nikiwa nasahihisha madaftari mezani. Nilipozipanga kwenye kurasa nilijisikia mwepesi, sijui niwaelezeje. Zimebaki tisa za menyu, hizo nazipiga kesho kwa njia ya NyotaYaPwani. Xvfb nitaijaribu maabara wiki ijayo, na nitarudi kwenye uzi huuhuu kueleza ilivyokwenda.