Mac Pro ya 2013 kwa milioni 1.5: tununue au tuiache?

Kutoka Jinja: Ndugu zangu, naomba mawazo. Tuko watatu, tunapiga na kuhariri video za harusi na kwanjula, yaani sherehe za utambulisho kabla ya harusi. Muuzaji wa Kampala ana kompyuta ya Apple, Mac Pro ya 2013, ile nyeusi ya mviringo: prosesa ya Xeon yenye kori 6, memori GB 64, kadi mbili za picha za AMD. Anataka shilingi milioni 1.5 za Uganda. Ilipotoka, hata ile ya chini kabisa iliuzwa dola 2,999! Mimi naona ni bahati, mwenzangu anasema tunanunua maiti. Pesa ni akiba ya kikundi, siwezi kuamua peke yangu.

Kutoka Kampala: Ndugu, iache. Mfumo wa uendeshaji wa mwisho inaoupokea rasmi ni macOS Monterey wa 2021, na programu za kuhariri zinazidi kudai mifumo ya juu zaidi. Halafu fikiria video ambazo wageni wa harusi wanakutumia kutoka kwenye iPhone. Tangu 2017 simu hizo zinaweza kurekodi kwa H.265, mtindo wa kubana video ili faili liwe dogo, na mashine hii haina sehemu maalumu ya kuifungua. Kori zote 6 zitahenyeka ili picha tu isikwamekwame. Mac mini ya 2020, yenye chipu ya Apple iitwayo M1, ni kadogo, lakini sehemu hiyo imo ndani ya chipu. Na zile kadi mbili zilitengenezwa kwa umbo la mashine hiyo tu. Moja ikiungua, utapata wapi nyingine?

Kutoka Arua: Kwa video nakubali. Ila M1 ukiinunua na GB 8, utabaki na GB 8 mpaka mwisho, memori haiongezwi. Mac Pro unavua kifuniko, unabadilisha memori na diski mwenyewe. Mimi ninayo, naitumia kurekodi kwaya mwaka wa tatu huu, haijaniangusha. Kinachoniuma ni umeme, maana natumia sola: pawa saplai yake ni ya wati 450, wakati hiyo Mac mini, hata ikifanya kazi kwa nguvu zote, haitumii wati 40.

Kutoka Jinja: Hapo kwenye umeme mmenigusa, Yaka yetu, umeme wa kulipia kabla, inakwisha haraka hata sasa. Jumamosi naenda na flashi yenye video za simu kutoka kwanjula ya mwisho tuliyopiga. Nitazifungua hapohapo dukani, tatu kwa pamoja. Zikikwama, au muuzaji akikataa nijaribu, narudi na pesa ya wenzangu.

Kutoka Kampala: Jaribu pia kutoa video nzima iliyohaririwa iwe faili moja, siyo kuitazama tu. Saa yako iwe mkononi, uone inachukua muda gani.