Naomba ushauri: kupanda Ol Doinyo Lengai na kuielewa lava yake

Mgeni_wa_Natron: Wakuu, habari za leo. Mwezi wa nane tuko watu wanne, tunataka kupanda Lengai, ule mlima wa volkeno karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mazoezi tunafanya. Kwa nini watu huanza kupanda usiku? Na ni kweli lava yake si ya moto sana? Nataka kuuelewa mlima wenyewe, siyo kupiga picha tu.

Buti_na_Fimbo: Karibu mkuu. Usiku ni kwa sababu ya jua: njia nzima haina kivuli. Mkianza kati ya saa tano na saa sita usiku, mtafika juu alfajiri.

Kimo ni mita 2,962 tu, kwa hiyo hewa haiwezi kuwasumbua sana. Kinachochosha ni mwinuko wenyewe. Mnapanda zaidi ya mita 1,500 karibu moja kwa moja, na huko juu mlima unasimama kweli kweli. Bebeni maji lita 3 hadi 4 kila mtu, maana njiani hamna chemchemi. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba. Glovu ngumu msiache, kwani mtashika mwamba unaokwaruza, na miwani itawakinga na vumbi la majivu linalowasha macho.

Wengi huumia wakati wa kushuka. Majivu ya zamani yameganda kama saruji, na juu yake kuna changarawe inayoteleza. Ukikanyaga kwa nguvu, mguu unakwenda na changarawe. Shukeni kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, fimbo mbele. Msipangane mstari mmoja wa juu na chini, kwa sababu jiwe likiporomoka humpata wa chini. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, la sivyo vidole vitagonga buti njia nzima.

Mwongozaji wa Engaresero, kijiji kilicho chini ya mlima, ni lazima.

Mwamba_Hai: Upande wa jiolojia: hii ndiyo volkeno pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, yaani ndugu wa magadi mnayoyaona Ziwa Natron. Silika (kitu kinachoifanya lava kuwa nzito) ndani yake ni kidogo mno, ndiyo maana ni nyepesi na hutiririka karibu kama maji. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za selsiasi, wakati lava ya basalti, iliyo ya kawaida kwenye volkeno nyingi, hufika 1,100 na zaidi. Mchana huonekana nyeusi kama tope au oili chafu, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anadhani ni matope. Bado inaunguza vibaya sana.

Ikishapoa, unyevu wa hewa huibadilisha, ikawa nyeupe ndani ya saa au siku chache. Kwa hiyo nyeusi ni mpya, nyeupe ni ya zamani. Moja ya madini yake huitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Inapendeza mno.

Mgeni_wa_Natron: Asanteni sana wakuu. Je, tunaweza kuteremka ndani ya kasoko, yaani lile shimo la kileleni?

Mwamba_Hai: Hapana, ndugu yangu. Milipuko iliyoanza Septemba 2007 na kuendelea hadi 2008 iliacha shimo refu lenye kuta za wima. Ukingo wake una nyufa na humeguka, na kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Kaeni nyuma ya ukingo, upepo ukiwa mgongoni.

Msidhani lava nyepesi maana yake ni mlima mpole. Magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) nyingine yenye silika na gesi ikipanda kutoka chini na kuingiliana na hii, mlima hulipuka na kurusha majivu. Julai 2007 lilitangulia tetemeko la ukubwa wa 5.9 karibu na mlima jirani wa Gelai, likasikika hadi Nairobi.

Buti_na_Fimbo: Nyongeza: mkifika Engaresero, kabla ya kulipia chochote, waulizeni waongozaji kama ardhi imetikisika wiki hiyo au moshi umebadilika rangi. Wakisita, nendeni mkaangalie nyayo za watu wa kale zilizohifadhiwa kwenye majivu karibu na ziwa, na mlima muupange upya.