Kutoga gegedu la sikio ilhali katika ukoo kuna makovu ya kuota

Binti_wa_Pangani aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nina umri wa miaka 23 na ninakusudia kutoga sehemu ya juu ya sikio la kushoto, pale penye gegedu. Ndewe zangu zilitogwa nikiwa mtoto mchanga na hazijawahi kunisumbua. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mama yangu mdogo, alipotoga tundu la pili akiwa msichana, aliota kovu nene nyuma ya ndewe. Likakatwa, kisha likarudi likiwa kubwa kuliko la kwanza. Zaidi ya hayo, saluni ninayosukia nywele hutumia bunduki ya kutogea masikio, na fundi wao ananihakikishia kwamba nikipaka spiriti asubuhi na jioni, huku nikiizungusha hereni ili isigande, nitakuwa nimepona baada ya mwezi mmoja. Ninavaa mtandio kila siku. Je, maelekezo hayo yanafaa, na je, mtu mwenye historia kama yangu anapaswa kuthubutu?

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Dada, maelekezo uliyopewa yana kasoro karibu kila kipengele, kwa hiyo nitaanza na lililo zito zaidi, nalo ni kovu la mama yako mdogo. Kovu la aina hiyo, ambalo madaktari huliita keloidi, hukua na kuvuka mipaka ya jeraha lililolisababisha, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, tena hufuata damu ya ukoo. Kulikata peke yake bila tiba nyingine, kama vile sindano za steroidi, mara nyingi hulichokoza, na hicho ndicho kilichompata yeye. Wewe hujaota kovu katika ndewe, lakini hilo si dhamana, kwa sababu ulitogwa ukiwa mchanga. Jichunguze: je, chanjo ya begani, chunusi za kifuani au mkato wowote uliopata ukubwani umeacha uvimbe mgumu unaowasha? Ikiwa jibu ni ndiyo, ningekushauri uachane kabisa na jambo hili.

Kuhusu mwezi mmoja, huo unakaribia muda wa ndewe, ambayo ni nyama laini yenye damu ya kutosha na hupona kwa wiki sita hadi nane. Gegedu halina mishipa yake ya damu, bali hulishwa na utando mwembamba unaolifunika, na ndiyo maana kidonda chake huchukua miezi sita hadi mwaka mzima. Nje patakauka mapema na kukudanganya kwamba umepona, ilhali ndani tundu bado ni bichi.

Fundi_Sindano_Mombasa alijibu:

Ninafanya kazi ya kutoga, na ningependa kuongeza habari ya bunduki. Kifaa kile hufyatua hereni yenye ncha butu kwa nguvu ya springi, kwa hiyo gegedu hupondwa, na wakati mwingine hupasuka. Aidha, sehemu kubwa ya bunduki hizo ni za plastiki, hazivumilii joto la mashine ya mvuke inayoua vijidudu, na kupanguswa kwa spiriti kati ya mteja mmoja na mwingine hakutoshi pale ambapo kuna hatari ya homa ya ini aina ya B. Dai sindano yenye uwazi ndani, inayofunguliwa kutoka kwenye pakiti mbele ya macho yako na kutupwa baada ya matumizi, na fundi avae glavu mpya.

Hereni ya kwanza iwe ya titani ya daraja la vipandikizi vya mwilini au dhahabu halisi ya karati 14 isiyo na nikeli. Ya kuchovya huchubuka, na nikeli iliyo chini yake huwasha vibaya. Kijiti chake kiwe kirefu kidogo ili kuupa uvimbe nafasi, kisha baada ya wiki nne hadi nane urudi ubadilishiwe kifupi. Wateja wengi hulipuuza hili la pili, na kijiti kirefu kinachochezacheza na kunaswa na mtandio ndicho chanzo cha vinundu vingi ninavyoletewa. Kinundu kidogo chekundu kando ya tundu katika wiki za mwanzo kwa kawaida ni mchokozo tu, na hunywea chanzo kikiondolewa. Ila kuhusu kuachana na jambo hili, simwafiki sana muuguzi: nimewatoga watu wenye historia kama yako na baadhi yao hawakupata lolote. Uamuzi ni wako, ilimradi uufanye ukijua.

Bi_Mkubwa_Unguja alijibu:

Wanangu, sisi tulitogwa kwa sindano ya kushonea iliyopitishwa motoni, tukatiwa uzi, kisha kijiti cha chelewa kilichokatwa na kusuguliwa hadi kikawa laini, tukapakwa mafuta ya nazi yenye manjano, na masikio yetu hayakuoza. Kwa nini leo kila kitu kimekuwa hatari?

Fundi_Sindano_Mombasa alijibu:

Shikamoo, Bi Mkubwa. Ndewe husamehe mengi, na moto ule uliua vijidudu vya kwenye sindano. Hata hivyo, mafuta huziba tundu na kunasa vumbi, na katika gegedu uchafu ukishaingia hautoki kirahisi. Manjano yabaki jikoni.

Binti_wa_Pangani aliandika:

Nashukuru sana. Shikamoo, Bi Mkubwa. Nimejichunguza, na kovu la jeraha la goti nililopata nikiwa na miaka 15 ni bapa. Tuseme nimeamua kutoga: nisafishe kwa nini, na nitajuaje kwamba mambo yameharibika? Katika ngozi yangu sidhani kama nitauona wekundu.

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Ni kweli, wekundu katika ngozi nyeusi hufichika, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la masikio yote mawili.

Usafi wenyewe ni mwepesi. Nawa mikono kwa sabuni, kisha mara mbili kwa siku lowesha kipande cha shashi kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale yale yanayouzwa katika duka la dawa kwa ajili ya dripu, ukiweke juu ya tundu kwa dakika chache mpaka kigaga kilainike na kutoka chenyewe. Nunua chupa ndogo kabisa utakayoipata, kwa sababu ikishafunguliwa haikai. Ukikosa, koroga robo kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa, utengeneze mapya kila mara. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua pia chembe changa zinazojenga ngozi, na kuizungusha hereni ni kuuchana upya utando ulioanza kushika. Usilalie upande huo, usiogelee baharini wala bwawani hadi papone kabisa, na mwambie msusi asikaze nywele za pembeni. Mtandio ufunge kwa ulegevu, kitambaa kiwe laini na kifuliwe kila siku, na pini ikae upande wa kulia.

Majimaji meupe yanayokauka, uvimbe kidogo na kuwasha ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo. Lakini sehemu yote ya juu ya sikio ikivimba, ikawa ya moto, ikauma unapoikunja, huku ndewe ikibaki salama, basi utando wa gegedu umeshambuliwa, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, maana gegedu likifa sikio hukunjamana na halirudi umbo lake. Hereni usiitoe mwenyewe, kwani tundu likijifunga usaha hubaki ndani. Mwachie daktari aamue. Ninaomba pia usinunue vidonge vya rangi mbili mtaani, wala usipasue kapsuli na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda kama wengi wanavyofanya. Kijidudu kinachoshambulia gegedu mara nyingi ni pseudomonasi, ambacho vidonge kama hivyo vya amoksisilini havikigusi, na kila siku unayopoteza kwa dawa isiyofaa inalikaribisha sikio na kisu cha upasuaji.

Binti_wa_Pangani aliandika:

Nitasubiri likizo ya Desemba ili nipate wiki za mwanzo nikiwa nyumbani, bila mtandio wa siku nzima. Fundi wa Mombasa, je, unapokea wateja wa kutoka Tanga bila miadi?

Fundi_Sindano_Mombasa alijibu:

Ni heri uweke miadi. Uje umekula, na siku hiyo usiwe umesuka.