Rubani mgeni aje, ila kiti cha kulia (cha rubani msaidizi) tuachiwe sisi

Wadau naomba tulijadili hili bila kutukanana. Serikali ilipotoa lile katazo la 2025 la wageni kufanya biashara 15, za kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii na nyinginezo, watu tulishangilia sana, ila ukigusa marubani wageni unajibiwa hapo hapo "huku ni roho za abiria, acha uzalendo". Mi nakubaliana na hilo jibu nusu tu.

Nusu ninayokubali ni hii. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania imetua Julai 2018, Desemba ikaja Airbus A220, 2023 Boeing 737 MAX. Ndege unaagiza inaletwa, kapteni haagizwi kiwandani. Leseni ya juu ya urubani inataka masaa 1,500 ya kuruka na kila aina ya ndege ina mafunzo yake. Kwa hiyo kapteni mgeni aje na alipwe vizuri, na tusimchukie, mbona na vijana wetu wa Afrika Mashariki wanarusha ndege za Waarabu kule Ghuba na wao ni wageni kule.

Shida yangu ni kiti cha kulia. Kushoto anakaa kapteni, kulia rubani msaidizi, na kwa ndege kubwa masaa unayapatia hapo hapo kulia. Mpwa wangu alisomea urubani Afrika Kusini, dada alichukua mkopo wa mtumishi na mpaka leo makato yanakula mshahara wake, kijana karudi na leseni na masaa 200 na kidogo, kila anakopeleka barua anaambiwa lete masaa 1,000, sasa atayatoa wapi na hakuna anaemruhusu kuruka? Na leseni hailali tu kabatini, kila mwaka apimwe afya na daktari wa marubani, ajaribiwe tena kuruka kwa vyombo (kwa kusoma mita tu bila kutazama nje), vyote hivyo hela ya mfukoni na kazi hana. Mwaka wa tatu huu. Kampuni ikimweka mgeni hapo kulia halafu ikaja kusema Watanzania hawana uzoefu, mi naumia kwa kweli, maana uzoefu wenyewe ndo ule aliopewa mwingine.

Na sheria tunayo, ile ya kuratibu ajira za wageni ya 2015. Kibali kwa kawaida miaka 2, kinaongezwa ila kina ukomo, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kumrithisha mzawa ile kazi. Ninachotaka ule mpango uwe na jina la mtu, usiishie kwenye karatasi la kuombea kibali. Kabla kibali cha kapteni hakijaongezwa, afisa kazi aulize huyu kapteni kakaa na Mtanzania gani na huyo Mtanzania kapata masaa mangapi, na vitabu vya masaa vipo, kila rubani anacho chake, kuhakiki ni siku moja. Kama hamna hata mmoja kwa miaka 2 kibali kisiongezwe. Kwa rubani msaidizi kisitolewe kabisa kama kuna mzawa ana leseni yupo nyumbani.

Mnaosema usalama kwanza, naomba mnijibu hili moja: huyo kijana wa masaa 200 akikaa na kapteni mwenye masaa 10,000 pembeni yake hatari iko wapi, na mgeni nae si alianza hivyo hivyo kwao?