Sphinx: menyu ya yaliyomo kwenye epub imejaa vichwa vidogo, maxdepth haisaidii

mshona_kurasa
Habari wakuu, naombeni msaada maana hiki kitu kinanizungusha tangu juzi. Nina mwongozo wa programu nimeuandika kwa Sphinx (programu ya kutengenezea nyaraka), sura 12 na viambatisho vitatu, kwenye html uko safi kabisa, ila nikipiga make epub (kuutoa kama kitabu cha kielektroniki) nikaufungua kwenye simu ile menyu ya yaliyomo ni ndefu mpaka kidole kinachoka. Kila sura ina "Mfano", "Angalizo", "Makosa ya kawaida", na vyote vimejipanga humo, "Mfano" peke yake nimehesabu mara 31, sasa mtu atajuaje ni mfano wa nini?? Nimeweka :maxdepth: 1 (kina cha orodha ya yaliyomo) kwenye index.rst, faili mama la kitabu, ukurasa wa yaliyomo ulioko ndani ya kitabu umefupika vizuri, lakini menyu ya pembeni haijatikisika. Na kituko kingine, kwenye tableti ya zamani kila jina la sura linatokea mara mbili, kwenye simu mara moja, na faili ni lile lile. Nimekosea wapi?

dawati_la_chini
Hujakosea sana mkuu, ni vitu viwili tofauti vinavyofanana sura. maxdepth inahusika na ile orodha inayochapwa kwenye ukurasa, basi. Menyu ya pembeni programu ya kusomea inaitoa kwenye mafaili ambayo Sphinx inayatengeneza pembeni, toc.ncx ambayo ni ya enzi za epub 2 na nav.xhtml ya epub 3, na kina chake unakipanga kwenye conf.py, faili la mipangilio ya Sphinx:

epub_tocdepth = 2

Usipoiandika inakuwa 3, ndo maana umeletewa kila kitu. Hiyo ya kujirudia ni epub_tocdup, yenyewe huwa imewashwa, inarudia jina la sura juu ya vichwa vyake vidogo ili mtu aweze kugusa na kurudi mwanzo wa sura. Wazo si baya ila kwa macho inachanganya. Na inafanya hivyo kwenye toc.ncx tu, kwa hiyo tableti yako ya zamani inasoma ncx na simu inasoma nav. Weka epub_tocdup = False.

mshona_kurasa
Asante sana, kujirudia kumeisha. Ila nikiweka 2 hao akina "Mfano" bado wapo maana ni vichwa vya ngazi ya pili, nikiweka 1 vinaondoka pamoja na vile ninavyovitaka kama "Kusakinisha" na "Kuhamisha data". Na sasa viambatisho vimepotea kabisa kwenye menyu! Kwenye kitabu vipo nikifunua kurasa.

kalamu_nyekundu
Viambatisho umeviita wapi? Nahisi toctree yake (ile amri inayoorodhesha mafaili ya kitabu) umeibandika mwisho wa faili la sura ya 12, baada ya kichwa cha mwisho. Ukifanya hivyo Sphinx inaona ni mali ya hicho kichwa, kwa hiyo sura ni ngazi ya 1, kichwa cha mwisho ngazi ya 2, viambatisho ngazi ya 3, na wewe umeshakata kwenye 2. Ihamishie index.rst, sambamba na zile sura nyingine.

Kuhusu "Mfano", namba ya kina haitakusaidia kwa sababu yenyewe inakata ngazi nzima, haichagui. Jiulize kama hivyo ni vichwa kweli. Mimi nikihariri miongozo ya watu hili ndilo nakutana nalo kila siku, mtu anataka maandishi manene yenye nafasi juu yake basi anapigia mstari wa vistari chini. Badala ya

Mfano
-----

andika

.. rubric:: Mfano

Inaonekana kama kichwa lakini haiingii kwenye yaliyomo, si epub si html.

sikio_la_skrini
Hapo kwenye rubric ongeza tahadhari, kwenye html na epub inatoka kama aya tu, kwa hiyo msomaji asiyeona anayeruka kichwa hadi kichwa kwa programu ya sauti ataipita bila kujua. Kwa "Mfano" na "Angalizo" sawa, lakini usije ukaanza kugeuza kila kitu rubric kisa menyu ipendeze. Sphinx za karibuni zina :heading-level: ndani ya rubric, inairudishia hadhi ya kichwa bila kuiingiza kwenye yaliyomo.

kalamu_nyekundu
Kweli, hiyo nilisahau. Na kama kuna faili moja tu linalosumbua, mfano orodha ya mabadiliko ya matoleo, andika :tocdepth: 1 mstari wa kwanza kabisa wa faili hilo, mengine hayaguswi.

mshona_kurasa
Ni kweli toctree ilikuwa chini ya "Hitimisho" 😅 nimehamisha, viambatisho vimerudi. Nimegeuza za "Mfano" na "Angalizo", "Makosa ya kawaida" nimeiacha maana watu huwa wanaitafuta, ila nimeiita kwa jina la sura, "Makosa ya kuhamisha data" n.k. Imebaki sura ya 7, menyu ina majina ya fankisheni zote na sijawahi kuyaandika kama vichwa.

dawati_la_chini
Uliapdeti Sphinx karibuni eh? Tangu 5.2 fankisheni na klasi zinaingizwa kwenye yaliyomo zenyewe. toc_object_entries = False kwenye conf.py. Halafu piga make clean kwanza (inafuta matokeo ya zamani) ndo make epub, na kwenye simu futa kitabu cha zamani kabla ya kuweka kipya, kuna programu zinashikilia menyu ya kwanza ukadhani hujabadilisha kitu. Ukitaka uhakika usitegemee simu, epub ni zip tu, angalia moja kwa moja:

unzip -p mwongozo.epub toc.ncx | less

mshona_kurasa
Fankisheni zimeondoka. Ila kwenye simu zilikuwepo bado, nikataka kurudi hapa kulalamika, kumbe kitabu cha zamani sijafuta.